Siku Kompyuta ya Burga Ilipoamka

Mwaka 1998 mvua za El Nino ziliikuta stendi ya Songea bila lami, na kila aliyeshuka kwenye basi alishukia topeni. Wakati huo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yamekwishaanza kugombea abiria, kila kampuni na wapiga debe wake, na mitumba ilining'inia kwenye kamba hadi milangoni mwa ofisi za tiketi. Katikati ya zogo hilo, asubuhi moja ya Februari, Notburga Kapinga aliingia ofisi ya vifurushi ameshika viatu mkononi.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge, nywele amesuka twende kilioni, miguu imejaa tope hadi vifundoni. Nyuma ya meza alikaa Remmy Haule, mpokea mizigo, kijana mrefu wa Ruhuwiko aliyependa mashati ya mitumba yenye kola pana. Pembeni yake spika kubwa ilipiga muziki wa kaseti; hiyo ndiyo aliyoitumia pia kutangazia safari.

Burga, kama walivyomwita nyumbani, alisema anatafuta bahasha kutoka Dar es Salaam, na kwamba hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Remmy alinyoosha mkono akaichukua juu ya spika. Alieleza kuwa ilifika siku tano zilizopita, na kwa vile paa lilivuja na sakafu ililowa, aliona aiweke mahali pakavu.

"Imeandikwa isikunjwe," alisema, akiigeuzageuza. "Ndani kuna picha ya mchumba?"

"Kuna disketi mbili."

"Disketi ndiyo nini?"

Burga alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Ukipata nafasi pita steshenari kwa mama Benigna, nitakuonyesha jinsi kompyuta inavyohifadhi maandishi ndani yake."

Alisema hivyo ili aondoke vizuri tu. Remmy alipita siku ileile, saa saba mchana.

Mama Benigna alikuwa mjane aliyeuza ng'ombe, biashara zilipofunguliwa, akanunua kompyuta mbili. Moja ilichapa barua za watu, mitihani na kadi za harusi, na Burga ndiye aliyeitumia. Ya pili diski yake ya ndani ilikufa. Kila ukiiwasha iliandika kwa Kiingereza kwamba haioni mfumo wa kuiendesha, kisha ikanyamaza. Wote walimwambia mama Benigna anunue mfumo Dar. Burga alijiuliza jambo jingine: huo mfumo nao aliuandika nani, na je, yeye hawezi kuandika wake, hata mdogo wa kusema neno moja tu?

Alimwandikia Mwalimu Leodegari, aliyemfundisha hesabu sekondari na sasa alifundisha kompyuta Dar. Mwalimu alimjibu kwamba aanze na kidogo. Mashine ikiamka husoma kipande cha kwanza tu cha disketi, baiti, yaani alama, mia tano na kumi na mbili, na ikikuta mbili za mwisho ndizo inazozitarajia, inatii chochote kilichoandikwa pale. Alimtolea kopi kurasa kumi na nne za maelekezo na kumtilia, kwenye zile disketi mbili, programu za kuandikia mfumo huo. Aliongeza kuwa mwezi wa saba kituo chake kingefungua kozi ya mwaka mmoja. Burga akiweza kuiamsha mashine kwa maandishi yake mwenyewe kabla ya Pasaka, nafasi ingekuwa yake.

Hayo yote Remmy aliyasikia mchana ule akiwa amesimama mlangoni. Hakuelewa hata nusu, lakini alipenda jinsi macho ya binti yule yalivyowaka alipokuwa akieleza. Tangu hapo simu ya steshenari ikawa inalia kila siku saa nne.

"Mzigo wako bado haujafika," Remmy angesema.

"Sijatumiwa mzigo."

"Ndiyo maana haujafika."

Mama Benigna alilalamika kuwa simu ile ni ya wateja, kisha mwenyewe akawa anaipokea akicheka na kumpa Burga.

Tatizo lilikuwa kwamba disketi hazikufunguka. Burga alizijaribu kwenye mashine zote mbili, na zote zilimjibu kuwa hakuna kitu humo. Aliamini ameziharibu mwenyewe, labda kwa amri aliyoandika vibaya siku ya kwanza, na aliona aibu kumwomba Mwalimu nyingine. Wiki zilipita. Mchana mmoja wa Machi, yeye na Remmy wakila mahindi ya kuchoma nyuma ya steshenari, alisema polepole, "Pengine kichwa changu ni cha kuchapia barua za watu tu. Mjinga akijua ujinga wake anapumzika."

Remmy alimwambia asiseme hivyo.

Siku mbili baadaye fundi redio, mzee Athanasi, alikuja ofisi ya vifurushi kutengeneza redio kaseti. Alikuta kaseti zimepangwa juu ya spika akamgombeza Remmy. Je, hakujua kuwa spika ina sumaku, na sumaku hufuta kila kitu, kaseti, hata hizo disketi za kompyuta? Remmy aliziondoa kaseti, akakumbuka kuwa bahasha ya Burga ilikaa papo hapo siku tano.

Alitaka kumwambia Burga siku ileile. Alifika steshenari, akamwona ameinamia kurasa zake, akashindwa. Kesho yake akashindwa tena. Aliogopa kwamba akisema, hatakaribishwa tena kwenye mlango ule. Siku ya saba alisema yote kwa pumzi moja.

Burga aliziweka kurasa zake chini. "Disketi ningekusamehe hapahapa," alisema. "Hukujua, ulitaka kuzilinda na maji. Lakini siku sita umenitazama nikijiona mjinga, na wewe unajua."

"Burga, mpenzi, nilikuwa naogopa."

"Najua. Nenda sasa."

Kesho yake simu ililia saa nne, na mama Benigna akajibu kwamba Burga yupo ila hataki kuongea. Ikawa hivyo siku nne. Siku ya tano haikulia, na Burga alijikuta akiitazama.

Hasira ilimrudisha kwenye zile kurasa. Kwa kuwa sasa alijua kosa si lake, alizisoma kwa macho mengine, akagundua kwamba kwenye ile mashine ya mama Benigna iliyokuwa nzima mlikuwa na programu ndogo ya kuandikia namba mojamoja kwenye disketi. Basi hakuhitaji zile za Dar. Alichora mistari kwenye daftari, akaandika namba zake kwa penseli, akazihamishia kwenye disketi tupu. Mara ya kwanza mashine mbovu ilirudia sentensi yake ileile ya Kiingereza. Mara ya pili na ya tatu vilevile.

Wiki ya mwisho ya Machi, mama Benigna alimpa bahasha. Remmy alikuwa ameomba likizo akaenda Dar kwa basi, safari ya siku tatu kwa sababu ya tope, na alirudi amepakata disketi mbili mpya. Aliziacha bila ujumbe. Ndani mlikuwa na barua ya Mwalimu: "Kijana huyu amekaa barazani kwangu tangu asubuhi akinieleza kuwa kosa ni lake, si lako. Ameniomba nisikukatie tamaa. Sikuwa nimekukatia."

Burga aliisoma mara mbili. Disketi alizifungia kwenye droo. Alitaka amalize kwa njia aliyoianza.

Jumatano ya wiki kuu aliliona kosa. Zile alama mbili za mwisho, jinsi zilivyoandikwa kwenye karatasi sivyo mashine inavyozihifadhi. Ya nyuma ilipaswa kutangulia. Alizigeuza, akawasha. Alikaa mbele ya kioo, viganja vyake kwenye mashavu, mpaka mama Benigna akamuuliza kama anaumwa. Badala ya kujibu, alivuta simu.

"Ofisi ya vifurushi," ilisema sauti ya Remmy.

"Mzigo wangu umefika?"

"Hakuna mzigo wako, Burga."

"Basi njoo wewe."

Alikuja akitembea haraka kwenye jua, shati limemganda mgongoni. Burga hakumsalimu. Alizima mashine, akaiwasha upya. Disketi ililia kidogo, kisha kwenye kioo cheusi yakatokea maneno: HABARI ZA SONGEA.

"Njema," Remmy alijibu, kama anayemjibu mtu.

Burga alicheka, kisha machozi yakamtoka. Remmy alimwomba msamaha tena, safari hii bila kujieleza, na Burga akamwambia amekwishamsamehe tangu siku ya barua ila alingoja kwanza apate cha kumwonyesha. Halafu akamwambia na lililobaki: nafasi ya Dar ni yake, ataondoka Julai, mwaka mzima.

"Nitakusubiri."

"Maneno hayo usiniambie mimi. Baba huwa nyumbani Jumapili, baada ya misa ya pili. Usije peke yako, tafuta mtu mzima wa kukusemea."

Jumapili baada ya Pasaka, Remmy alifika Mshangano, nyumbani kwa kina Burga, na mzee Athanasi aliyevaa koti la harusi yake mwenyewe. Mzee Polikarp, baba yake Burga, aliipokea shikamoo ya Remmy, akamtazama, akauliza kama anaelewa kwamba binti huyu hataacha kusoma kwa ajili yake wala ya mwanamume mwingine. Remmy alisema anaelewa. Alisema pia, kabla ya kuulizwa, jinsi alivyomficha Burga ukweli siku sita. Mzee Athanasi alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Mzee Polikarp akamwita mkewe alete chakula.

Walifunga ndoa Desemba ya mwaka uliofuata. Lakini wote wawili, hata leo nywele zao zikiwa na mvi, hukumbuka zaidi ile alfajiri ya Julai, baridi ya Songea ikiuma. Burga alikuwa dirishani mwa basi amevaa sweta la mama Benigna. Remmy alimuuliza akifika ataandika nini.

"Ile ya Songea inasema tu," Burga alimjibu. "Nataka kuandika itakayomsubiri mtu abonyeze, halafu imjibu."

Basi likaanza kuondoka. Remmy alitembea nalo, mkono juu ya kioo, mpaka mwisho wa stendi.