Kivuli Kichwani mwa Maman Virginie

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nsimire aliwasha mbabula, jiko lao la makala, nje, akasubiri makala yashike moto, kisha akaiingiza ndani. Mama yake, Maman Virginie, alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kadutu, na pasi yake ilitumia makala. Kwa kuwa msimu wa mvua una baridi kali Bukavu, mbabula ilikaa chumbani humo mchana kutwa. Dirisha halikufunguliwa kamwe. Maman Virginie alilipigilia misumari mwenyewe siku aliyogombana na jirani yao, Maman Colette, kwa sababu ya moshi wa mandazi aliyokaanga kuuza.

"Sura ya ule mwanamuke sitaiona tena!" alisema, na nyundo ilisikika mpaka barabarani.

Baadaye Maman Colette alileta sahani ya mandazi kuomba amani. Maman Virginie hakufungua dirisha, lakini mandazi aliyala yote. Haukupita muda mrefu, kichwa kikaanza kumuuma. Siku moja alianguka juu ya cherehani yake, na Papa Honoré, mume wake, akaamua kumpeleka hospitali ya mjini akapigwe picha ya kichwa.

Nsimire alimsuka mama yake kwa uzi mweusi, mafundo manene yaliyopakwa mafuta mengi. Ni mwanamke gani wa Kadutu angekwenda hospitali na nywele ovyo?

Daktari aliitazama picha, akakunja uso.

"Kuna kivuli hapa," alisema. "Lakini sioni vizuri. Labda ni kitu, labda si kitu. Mutarudi kisha mwezi moja."

Nyumbani, tantine Françoise, dada yake Papa Honoré, hakuwa na shida ya kuona.

"Kivuli? Ile ni karuho!" alisema, akimaanisha ile sumu ya polepole ambayo watu wa huku wanaiogopa kuliko homa. "Virginie alikula mandazi ya nani?"

Nsimire alihisi damu ikimchemka. Alitaka Maman Colette aumie kama mama yake alivyoumia, na zaidi. Jioni alikwenda bombani, mahali ambapo mtaa mzima huchota maji, akasema kwa sauti kubwa:

"Maman Colette alimupatia mama yangu karuho! Picha imeonyesha!"

Wanawake waliziacha ndoo zao wakamsikiliza. Kesho yake hakuna aliyenunua mandazi. Siku iliyofuata vijana walirusha mawe juu ya bati la Maman Colette wakimwambia ahame. Nsimire alisikia mawe yale akafurahi. Kweli alifurahi, tena bila aibu.

Papa Honoré alipopata habari, alimwita.

"Dokta alisema hajue. Wewe na tantine yako munajua namna gani?"

"Papa, kivuli iko kwa picha!"

"Basi tutaomba mutu mwingine aitazame ile picha. Kuuliza tena haiko kumutukana dokta."

Ingawa Nsimire hakutaka, walipanda gari mpaka hospitali ya misheni, karibu na mji mdogo wa Miti. Alitamani tu daktari wa huko athibitishe karuho, ili mtaa umalize kazi ya kumfukuza Maman Colette.

Daktari Adélaïde aliinua picha kwenye mwanga. Kisha akamtazama Maman Virginie.

"Maman, toa kitambaa. Walikupiga picha na hizi nywele?"

"Ndiyo. Nsimire njo alinisuka."

"Uzi na mafundo namna hii vinaweza kuleta kivuli. Fumua, tupige ingine."

Nsimire alifumua mwenyewe. Katika picha ya pili kivuli hakikuwepo. Lakini Daktari Adélaïde hakuishia hapo.

"Picha haionyeshe kila kitu. Kichwa inakuluma saa gani?"

"Nikishaanza kazi. Siku ya Jumapili nikienda misa, hainilumi."

"Unafanyia kazi wapi?"

Maman Virginie alieleza habari za chumba, mbabula na misumari. Daktari alitikisa kichwa.

"Makala ndani ya nyumba yenye kufungwa inatoa hewa ya sumu. Haina harufu. Ungeendelea, siku moja usingeamuka. Mbabula ibaki inje, na dirisha lifunguliwe leo."

Waliposhuka garini, Nsimire alikwenda moja kwa moja kwa Maman Colette. Hasira yake ilikuwa bado nzima, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa yeye mwenyewe.

Maman Colette alipofungua, alimkuta Nsimire akilia mlangoni pake.

"Ni wewe njo ulisema kwenye bomba?"

"Ni mimi, maman. Haikuwa kweli. Unisamehe."

"Ulisema kwa sauti kubwa?"

"Kubwa."

"Basi twende."

Bombani, mbele ya ndoo na wanawake wote, Nsimire alisema kwamba alidanganya. Mmoja alicheka, wengine wakasonya. Maman Virginie alikuja akasimama kando yake, akasema kwamba ugonjwa ulitoka kwa mbabula yake, na misumari ya dirisha ilikuwa yake yeye.

"Sijakusamehe bado," Maman Colette alimwambia Nsimire. "Kesho utarudi, utasema tena. Wenye walirusha mawe hawako hapa."

Nsimire alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka mandazi yakaanza kununuliwa tena. Misumari ya dirisha iling'olewa, mbabula ikabaki nje, na mama yake akapona. Siku Nsimire aliponung'unika kwamba bado kuna watu wanaovuka barabara wakimwona Maman Colette, Maman Virginie aliiweka chini nguo aliyokuwa akishona.

"Mutoto wangu, dokta wa kwanza alisema hajue, na hakukosea kusema vile. Sisi njo tulikosa uvumilivu, tukatafuta mutu wa kulipiza. Ukipata jibu yenye haieleweke, uliza mwenye kujua, na uulize tena. Picha ya kichwa tuliipiga mara ya pili. Jina ya Colette, tutaipeleka kwa dokta gani?"