Mashine Iliyomjua Teddy

Mchana ule nilikuwa naanika mpunga uani, hapa kwetu Ifakara, nikifukuza kuku kwa fagio. Sebuleni, shemeji yangu Evarist alikuwa akifunga mashine yake. Evarist ni mdogo wa mume wangu, injinia huko Dar es Salaam, na ana hataza mbili za uvumbuzi wa mashine za kamari, hizi vijana wanazoziita dubwi. Alikuja kumzika mama yao, Bibi Agnella. Tulimlaza nyuma ya nyumba, tukawa tunasubiri ndugu wa Mahenge waje tumalize msiba.

Alinieleza kuwa mashine yake haina mkono wa kuvuta. Mchezaji anaweka kidole kwenye kibati cha shaba. Mshindi hachaguliwi na kompyuta, maana kompyuta huchezewa. Saketi inasikiliza mitikisiko midogo ya umeme wa ardhini, kupitia fimbo iliyochomekwa kwenye udongo. Hata yeye hawezi kujua nani atashinda.

Majirani walijaribu, hakuna aliyeshinda. Beatus, anayetuletea samaki kutoka Mofu, aligusa mpaka akachoka.

"Injinia, chombo chako bahili kuliko mama mkwe wangu," alisema, tukacheka.

Kisha binti yangu Teddy, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, akaweka kidole. Taa zote zikawaka, ameshinda. Akarudia, zikawaka. Akabadilisha kidole, zikawaka. Evarist aliacha kucheka. Alifungua kifuniko, akapima nyaya, akasema haiwezekani.

Kesho yake Evarist akiwa sokoni, nilimkuta Teddy peke yake mbele ya mashine, vidole vya mikono yote miwili vimelala kwenye kibati. Nikamwambia maharage yanaungua. Hakugeuka.

"Mama," alinong'ona, "nimeshikwa."

Nilichomoa waya ukutani. Taa za mashine hazikuzimika. Ndipo nilipogundua friji liko kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Nilimvuta. Kibati hakikumwachia. Nikaufuata waya wa ile fimbo ya ardhini, uliotokea dirishani. Ukapita jiko. Ukapita banda la kuku. Ukaishia kwenye kaburi la mama mkwe.

Kwetu kaburi bichi haliguswi mpaka msiba umalizwe. Hata jani halipaliliwi. Evarist alilijua hilo. Lakini udongo wa uani ulikuwa mkavu, mgumu, na ule wa kaburi ulikuwa laini, una unyevu.

Nikaishika fimbo. Ilikuwa na joto, kama kiganja. Nikavuta. Ikavutwa chini. Nikavuta tena. Chini yangu kuna aliyekuwa akivuta, akipumzika, akivuta, kama mtu aliyechoka.

Ikachomoka ghafla. Ndani, nikamsikia Teddy akianguka.

Evarist aliporudi hakubisha. "Nilidhani udongo ni udongo, shemeji," alisema, akaivunja mashine kwa nyundo. Ndugu wa Mahenge wakaja, padri akabariki, msiba ukaisha. Teddy alikula, akalala, akaamka, akafua nguo zake. Nami nikarudi kwenye mpunga wangu.

Mwezi uliopita akapata nafasi chuo cha uuguzi. Ilibidi asajili laini mpya ya simu, maana bila namba yake mwenyewe maombi ya mkopo hayapokelewi na nafasi inapotea. Mama mmoja wakala pale stendi akaingiza namba ya kitambulisho cha Teddy, akamwambia aweke kidole kwenye kifaa cha kusoma alama. Kikakataa. Akafuta kioo. Kidole kingine, kikakataa. Vyote vikakataa.

"Hivi vidole si vya mwenye namba hii," alisema wakala.

Sijui nini kilinituma. Kwenye pochi nilikuwa bado na kitambulisho cha mama mkwe, toka nilipokuwa nampeleka hospitali. Nikamsomea wakala namba yake.

Teddy akaweka kidole. Kikakubaliwa mara ile ile.

Wakala akasoma jina kwenye kioo. Hakuangalia sura ya mtu, alikuwa na foleni.

"Haya, imekubali. Agnella?"

"Abee," Teddy akaitika.