Mawe Yanayochosha Maji

Wewe hukai karibu na mto, ndiyo maana unapita tu. Ulipita El Nino ya mwaka wa tisini na saba. Ukapita mafuriko ya elfu mbili kumi na nane, ukapita na yale ya ishirini na nne. Uliona magodoro ya watu yakienda na maji, ukasema "pole yao", ukashika njia. Leo simama kidogo. Kuna mtu nataka umjue.

Anaitwa Musimbi. Anapika mandazi Soweto West, Kibera. Yeye, mumewe Sifuna na binti yao Mercyline wanaishi chumba cha mwisho kwenye ploti ya Wainaina. Ukitoka nyuma ya chumba ni hatua nne, halafu mto.

Hizo hatua nne si ardhi. Ni magunia. Wainaina, mwenye ploti anayeishi Kawangware, mbali na mto huu, aliyajaza takataka na udongo, akayapanga ndani ya mto, akajenga juu yake. Mwenye ploti wa ng'ambo naye akafanya hivyo hivyo. Mto ukabanwa ukawa kama kichochoro.

Mvua za Machi zilipoanza, Musimbi alitoka nyuma kumwaga maji, akarudi mbio.

"Baba Mercyline, jana zilikuwa hatua nne. Leo ni tatu!"

"Wainaina atatuma magunia mengine," Sifuna akasema.

"Takataka juu ya takataka? Siku moja tutaamka tukiwa ndani ya maji na mtoto!"

Mutiso, fundi wa mawe na jirani yao, alikuwa pale akila mandazi. Aliwahi kufanya kazi Pwani miaka miwili, akijenga ukuta wa kuvunja mawimbi bandarini.

"Mama Mercyline, unajua kwa nini bandari inahitaji ukuta wa mawe baharini?"

"Mutiso, mimi niko Kibera. Bahari inanihusu nini?"

Mutiso akacheka. "Bila huo ukuta, mawimbi yanarusha meli huku na huku. Inagonga gati inapofungwa, inakata kamba. Hamwezi kushusha hata gunia la mchele. Kwa hivyo tunarundika mawe makubwa mbele ya bandari. Wimbi likija linaingia katikati ya mawe, linazunguka, linachoka. Huku ndani maji yanatulia, watu wanafanya kazi."

"Si mngejenga tu ukuta laini wa simiti?" Sifuna akauliza.

"Ukuta laini unarudisha wimbi na nguvu zake zote. Halafu maji yanachimba chini ya msingi. Maji huwezi kupigana nayo. Unayachosha."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa tutatengeneza makasha ya waya, tujaze mawe magumu, tuyapange kama ngazi. Lakini kwanza mto urudishiwe nafasi yake. Magunia yatoke. Na chumba cha mwisho kibomolewe."

Musimbi akaacha kugeuza mandazi. Chumba cha mwisho ni chake.

"Basi kibomolewe," akasema hatimaye. "Lakini Wainaina nampigia simu mimi."

Jumapili Wainaina akaja moja kwa moja kutoka kanisani, na suti yake.

"Huu mto nimeujaza miaka kumi na tano," akafoka. "Huyo fundi wenu amesomea wapi?"

"Hata wewe hukusoma, bosi, na umejenga," Musimbi akamjibu. Wapangaji wakaangua kicheko. "Njoo usimame hapa nyuma nikuone."

Wainaina akakanyaga gunia. Gunia likazama, suti ikalowa hadi gotini. Sifuna akamvuta kwa mkono.

"Sawa, sawa! Waya naleta," Wainaina akasema. "Mawe je?"

"Mawe tutabeba sisi," Musimbi akasema. "Na ile stoo yako ya mbele inakuwa chumba changu."

"Stoo yangu?"

"Ama ulale wewe kwenye gunia."

Wakamwita afisa wa serikali anayesimamia mito, akaja akaonyesha mpaka wa mto. Wapangaji wakatoa magunia, wakabomoa chumba. Mutiso alipiga kila jiwe nyundo, likipasuka analitupa. Kasha la kwanza wakalizika chini ya sakafu ya mto, maji yasipate pa kuchimba. Kwenye kasha la juu akapaka mstari mwekundu.

"Ukuta si uchawi," akawaambia. "Maji yakifika hapa, beba mtoto uondoke."

Aprili mvua ikaja na hasira zake, mchana kweupe. Musimbi alisimama mlangoni mwa stoo, Mercyline ubavuni. Maji yakapiga mawe, yakatoa povu, yakazunguka, yakapita. Mstari hayakuufikia. Ng'ambo magunia yalichanika moja baada ya jingine, na watu wakakimbia na watoto migongoni.

Siku ya pili yake Musimbi alivuka kwenda kwa hao majirani. Alibeba mandazi, na nyundo ya Mutiso ya kupimia mawe.

Na wewe unayepita? Usingoje mwanasiasa aje kupigwa picha amevaa gambuti. Leo, kabla mvua haijaanza, ita wanaoishi kando ya mto, ita fundi wa mawe, ita afisa wa mito. Toeni magunia. Na mwenye ploti akikataa, mfuateni hata kama anaishi Kawangware. Mlango wake mnaujua.