Dawa Ndani ya Kiroba cha Maharage

Nikolausi wa Maretadu alikuwa amepungukiwa na vitu vingi siku ile ya Jumanne. Hakuwa na pumzi ya kutoka shambani hadi nyumbani bila kusimama mara tatu. Hakuwa na viatu, maana miguu ilikuwa imevimba na viatu vilikataa kuingia. Hakuwa na begi la maana. Hakuwa na karatasi ya daktari. Hakuwa na mtu wa kumsaidia na watoto njiani, kwa sababu hakumwomba mtu. Usingizi pia hakuwa nao. Akilala chali alihisi kama ndama amemkalia kifuani.

Kiburi alikuwa nacho. Tena cha kutosha kuwagawia majirani.

Kesho yake alitaka kusafiri na mke wake Restituta na watoto wao wawili, Eva wa miaka mitano na Benedict wa mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wanakwenda Gendabi kwa mzee Akonaay, baba yake Restituta. Mzee huyo hakuwa amemwona Benedict tangu azaliwe. Na sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Alikuwa ametuma neno: "Mleteni mtoto nimwone, kabla sijabaki kumpapasa tu."

Safari ilikuwa ndefu. Gari moja hadi Haydom, gari jingine hadi Katesh, kisha pikipiki hadi Gendabi. Nikolausi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulikuwa umepanuka na kuchoka. Hospitali walikuwa wamempa dawa za aina nne za kumeza kila siku.

Asubuhi hiyo Restituta alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Baba Eva, dawa zako umeziweka wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Mama Eva, mizigo ya mwanaume haiulizwi."

"Mizigo ya mwanaume naibeba mimi," alisema Restituta. "Ndiyo maana nauliza."

Hapo akaingia mama Perpetua, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye daftari kwapani na macho ya kuona kila kitu.

"Shikamoo mama," alisema Nikolausi, na kujitahidi kusimama.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umesema shikamoo moja tu na umehema mara mbili. Na hizo ndala ni za nani?"

"Za Mama Eva. Nimeazima. Viatu vimesinyaa kwa jua."

Mama Perpetua aliinama, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Eva aliona, akacheka, akaja naye kubonyeza lake.

"Viatu havijasinyaa," alisema mama Perpetua. "Hayo ni maji. Ile dawa ya kupunguza maji unaimeza?"

Nikolausi alitazama kuku.

"Nimeiacha tangu Jumamosi. Dawa ile inanikojoza kila mara. Gari haliwezi kusimama kila kichaka kwa ajili yangu. Nimeona nianze mapema, mwili uzoee."

"Mwili uzoee nini? Kufa?"

Restituta aliacha kukunja nguo. Hakuwa anajua habari hiyo. Alimtazama mume wake, naye akaendelea kutazama kuku.

Mama Perpetua hakupiga kelele. Aliweka daftari chini. "Sawa. Mnasema kesho mnasafiri. Basi tusafiri leo, hapa hapa uani. Tuone kama tutafika."

Akavuta benchi katikati ya uwanja. "Hili ni gari. Paa la banda la kuku ni keria. Pakieni mizigo. Mimi ni kondakta."

Nikolausi alisema mambo hayo ni ya watoto. Lakini Eva alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuanza kunguruma kama injini. Basi wakapakia. Nguo zikapanda kwenye banda la kuku. Kiroba cha maharage, zawadi ya mama mkwe, nacho kikapanda. Jogoo alishuka kwa hasira, kama abiria aliyenyang'anywa kiti.

"Haya, twende," alisema mama Perpetua. "Sasa tumefika porini. Hakuna nyumba, simu haishiki mtandao. Baba Eva, pumzi imekata. Igiza."

"Mimi siwezi kuigiza ugonjwa."

"Huhitaji. Unahema hivyo hivyo. Mama Eva, mpe dawa."

"Sijui zilipo," alisema Restituta.

"Baba Eva, ziko wapi?"

Nikolausi alikohoa. Alikohoa tena. Kisha akanyoosha kidole juu ya banda la kuku.

"Ndani ya nguo?"

"Ndani ya maharage."

Hata injini ya Eva ilizimika.

Restituta alimkabidhi mama Perpetua mtoto, akashusha kiroba, akamwaga maharage yote kwenye turubai. Kuku walikuja mbio. Benedict aliona nafasi yake, akateleza mikononi na kukimbilia kwa mbuzi. Eva akamfuata akipiga kelele, "Abiria ametoroka!" Ndani ya maharage likatokea kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani ya kopo kulikuwa na vidonge vya aina zote vilivyochanganywa, bila paketi.

Mama Perpetua alichukua viwili. "Hiki cheupe ni cha nini?"

"Cha moyo."

"Na hiki cheupe?"

"Cha moyo."

"Kipi cha asubuhi?"

"Zote ni za moyo, mama. Zitajuana zenyewe humo ndani."

Restituta alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kwa nini kwenye maharage, Baba Eva?"

Nikolausi alijibu kwa sauti ndogo. "Unawajua akina mama wa kwenu. Sijakaa kwenye kigoda, mizigo imeshafunguliwa kutafuta zawadi. Wakiona furushi la dawa, kabla ng'ombe hawajarudi, Gendabi yote itajua binti yao ameolewa na mgonjwa. Mimi ni mkwe. Mkwe anaingia ukweni amesimama wima."

"Na hayo maharage ni ya nani?" aliuliza mama Perpetua.

"Ya mama mkwe."

"Akishayapokea atafanya nini?"

"Atayapi..."

"Malizia."

"Atayapika."

Restituta alijaribu kukasirika. Alishindwa. Alikaa chini kando ya maharage akacheka mpaka machozi yakatoka. Kisha machozi yaliendelea na kicheko kikaisha.

"Ungekatika pumzi kule porini," alisema, "nikiwa na Benedict mgongoni na Eva mkononi. Ningemwaga maharage barabarani, Baba Eva? Baba angemwona mjukuu, na mimi ningekuwa nimefika na watoto bila wewe."

Hapo Nikolausi aliacha kutazama kuku.

Mama Perpetua alimwita Eva. "Mjukuu wangu, baba yako anaitwa nani?"

"Baba."

"Jina lake jingine?"

Eva alifikiri. "Baba Eva."

"Na nyumbani ni wapi?"

"Hapa."

"Mmeona?" alisema mama Perpetua. "Mtoto huyu akiachwa na watu asiowajua, atawaambia baba yake ni Baba na nyumbani ni hapa. Sasa sikilizeni. Kwanza, kesho hamsafiri. Mtu aliyevimba hivi na asiyeweza kulala chali haendi safari, anakwenda hospitali. Tena leo. Hilo kopo mtalibeba, lakini usimeze kitu humo."

Restituta alikwenda hospitali na mume wake mchana ule ule, na watoto wakabaki kwa mama Perpetua. Daktari aliwaambia wamewahi, lakini si sana. Nikolausi alilazwa siku tano. Alipewa dawa mpya kwenye paketi zake. Maji yakatoka. Ndama akashuka kifuani.

Kabla ya kuruhusiwa, Nikolausi aliuliza swali lililomsumbua. "Daktari, na hii dawa ya kukojoa, siku ya safari nifanyeje?"

"Hilo ndilo swali ulilopaswa kuuliza kabla ya kuiacha," alisema daktari. "Siku ya safari tutakupangia saa nyingine ya kuimeza. Ukishafika, uimeze. Lakini usijipangie mwenyewe." Akamwambia asubiri wiki mbili, arudi apimwe, ndipo asafiri. Akamwandikia karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa zote, saa za kumeza, na namba ya simu ya kliniki.

Wiki mbili hizo familia ilijiandaa kwa utaratibu. Dawa zilikaa kwenye mfuko mdogo wa kuvaa begani, si kwenye keria, pamoja na za siku saba za ziada. Karatasi ya daktari ilikaa humo humo. Restituta alijifunza majina ya dawa zote. Alijifunza pia dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja: kukosa pumzi ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kuzimia, na miguu kuvimba ghafla. Mama Perpetua alileta mizani, na kila asubuhi Nikolausi alipima uzito na kuuandika ukutani kwa mkaa, waone kama maji yanarudi.

Kwa watoto walitenga mfuko wao: masweta, maji ya kunywa, viazi vya kuchemsha, kadi ya kliniki ya Benedict. Kila mtoto alishonewa mfukoni kitambaa chenye majina na namba za simu.

Eva aliambiwa ukweli kwa maneno ya kumtosha. "Moyo wa baba umechoka," alisema Restituta. "Unasukuma damu polepole. Akisema amechoka, wewe unakaa karibu yangu na kushika sketi yangu. Huiachi."

"Hata nikiona mbuzi?"

"Hata ukiona mbuzi."

Siku moja asubuhi Nikolausi alivaa viatu. Viliingia. Alizunguka uani mara mbili ili mama Perpetua amwone kwa bahati mbaya.

Lakini jambo moja lilibaki. Lazima wenyeji wajue. Mzee Akonaay hasikii simu. Humjibu mtu kitu kingine kabisa, kisha humuaga. Ikabidi iandikwe barua, asomewe na mtu. Nikolausi alikaa mezani asubuhi nzima. Alichana karatasi tatu. Ya nne ilisema hivi:

"Shikamoo baba. Mimi mkwe wako Nikolausi ni mgonjwa wa moyo. Nilikuficha kwa aibu. Daktari akiruhusu, tutafika Ijumaa ijayo kumleta Benedict umwone. Naomba shemeji Festo atupokee Katesh, abebe mtoto, maana mimi sitakiwi kubeba kitu kizito. Naomba chakula changu kisitiwe chumvi. Pombe nisiwekewe, na msione nimewadharau. Nikilala niwekewe mito miwili. Nikikosa pumzi, Restituta anajua la kufanya, mumsikilize yeye. Maharage yanakuja. Yamechambuliwa mara mbili."

Restituta alisoma hadi mwisho. Alimwekea tu mkono begani, ukakaa hapo kidogo.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Eva alileta uji kwenye ncha ya kijiko, wakabandika. Nikolausi akabonyeza kwa kidole gumba, kama mama Perpetua alivyobonyeza mguu. Safari hii shimo halikubaki.

Gidion, jirani aliyekuwa anakwenda mnadani Katesh kununua mbuzi na kupitia Gendabi, alisimamisha pikipiki yake getini.

"Mpe mzee Akonaay mkononi," alisema Nikolausi.

"Ina nini ndani?"

"Ina ugonjwa wangu."

Gidion aliishika bahasha kwa pembe, kwa vidole viwili. "Unaambukiza?"

"Hapana. Ni wa moyo."

Gidion aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akawasha pikipiki. Nikolausi alisimama wima getini, amevaa viatu vyake mwenyewe, mpaka vumbi likatua.