Jogoo Aliyepandisha Wastani

Nyirabagenzi, mfugaji wa Nkanka, alipopasua firigisi ya kuku wake wa tatu kufa wiki ile, aliikuta imejaa unga wa mbao. Akaiweka kwenye sahani, akaipeleka hadi Kamembe, mezani kwa mpelelezi Bernadette.

Bernadette alipofika Nkanka, wafugaji wa ushirika walikuwa wameshamhukumu Mwavita, mfanyabiashara wa Kamembe aliyesaga chakula cha kuku wao. Mwavita alikuwa amechoka kujieleza. Chakula chake ni kimoja, alisema. Wafugaji saba hukinunua dukani kwake, saba wengine hukichukua kwenye ghala la ushirika.

Bernadette akaagiza kila mfugaji alete kuku mmoja wa rika lile lile. Wakapimwa uzito. Kamali, mwenyekiti wa ushirika, akapiga hesabu upesi: wastani wa makundi mawili ulikaribiana. Ghala halina kosa, alisema. Kama chakula ni kibaya, basi ni kibaya chote. Alilirudia hilo mpaka Bernadette akafumba macho.

"Papa Kamali, wastani wako umebebwa na kuku mmoja," alisema. "Kilo tuziache. Tubapange tu, kutoka mwepesi mpaka mzito."

Sita wa mwanzo wote walikuwa wa ghala. Wakafuata saba wa duka. Mwisho kabisa akasimama jogoo mmoja wa ghala.

Kamali akarudi kwenye wastani. Bernadette akajizuia, akaeleza tena: kama chakula kingekuwa sawa, makundi yangechanganyika. Kwa bahati tu, kundi la ghala lisingerundikana chini namna hii hata mara mbili katika mia. Chakula kilitoka dukani kizima, kikaharibiwa ghalani.

"Na huyu mzito ni wa nani?"

Nyirabagenzi ndiye aliyejibu. "Ni wa mwenyekiti. Na ufunguo wa ghala anao yeye peke yake."

Bernadette akaagiza mifuko yote iliyotoka ghalani iletwe, akaifungua. "Papa, mifuko ya wenzako yote ina mbao," alisema. "Wako tu ndio mzima. Ulijuaje uchukue upi?"

Kamali akakaa juu ya gunia. Alikiri kwamba ndiye aliyechanganya unga wa mbao: amenunua mashine ya kusaga, iko Rwimbogo, na alitaka ushirika umfukuze Mwavita ili wanunue kwake. Kuku wake mwenyewe hakuweza kuwalisha mbao.

Kamali alipopelekwa garini, Mwavita hakungoja kuombwa radhi. Alimwambia Nyirabagenzi apite dukani kesho achukue mfuko, akaondoka. Wengine walibaki wakitazamana, kila mmoja na kuku wake mkononi.