Kiti cha Saba

Kengele ya mkanda ilianza kulia siku ya tatu tangu gari lifike nyumbani, na hakuna aliyeijali. Gari la mkononi halikosi vituko. Mwalimu Anold alikuwa anawapeleka watoto shule, Brightness, Robert na Queen wakiwa wamebanana kiti cha nyuma kabisa, na kile kiti cha nyuma ya dereva kikiwa kitupu. Kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka: nyuma ya dereva kuna mtu hajafunga mkanda.

"Nani kaweka begi hapo?" aliuliza.

"Hakuna begi, Baba," alisema Queen, ambaye alikuwa na miaka mitano na uongo alikuwa hajaujua bado.

Anold alisimamisha gari kando, akanyoosha mkono nyuma, akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Akaendelea na safari yake, roho kwatu.

Sasa ngojeni niwaambie alivyolichagua gari lenyewe, maana mambo yaliharibikia huko. Anold ni Msambaa aliyekulia Muheza, mwalimu wa hesabu, mtu wa kupima kila kitu mara tatu. Mkewe Benedikta alikuwa na mimba ya miezi sita, ya nne hiyo, na kigari chao kilikuwa kimeshawashinda. Bibi Yudith, mama yake Anold, akipanda na magoti yake mabovu, watoto walipakatana mpaka miguu ikafa ganzi. Basi Anold alizunguka yadi za Tanga mwezi mzima. Gari moja lilikuwa na nguvu za kupanda Lushoto, ila lilikuwa juu mno kwa mama yake. Jingine lilichukua watu, lakini nyuma halikubakiwa na nafasi hata ya gunia la viazi. La tatu alilikuta Chumbageni, kwenye yadi ya Mpemba mmoja aitwaye Yakoub: mlango wa kusukuma, ngazi fupi, viti saba. Watu sita na anayekuja. Hesabu ikamkaa vizuri mwalimu.

Akawapanga wote humo ndani palepale yadini, kila mtu na kiti chake, kikabaki kimoja. Anold akakipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayemkung'utia mgeni mkeka, akasema kwa sauti, "Na hiki chako. Karibu, uketi." Kisha akaufunga mkanda wa kiti hicho.

Wote walicheka isipokuwa Bibi Yudith.

"Nepi hatujanunua," alisema. "Jina hatujalitaja. Kwetu aliye tumboni hatengewi kitu mpaka tumwone sura. Wewe unampa kiti na kumkaribisha?"

"Mama, ni kiti cha gari tu."

Yakoub aliyekuwa ameshika funguo alitazama chini, akasema, "Inshallah kheri," akaenda kutafuta kadi ya gari. Anold, msomi mzima, hesabu zote anazo, hiyo moja ikampita.

Kufika wiki ya pili kengele ililia kila safari. Anold akalipeleka gari kwa fundi Alexander, aliyekagua nyaya zote na hakuona kosa. "Mwalimu, hiki kiti kinapima uzito," alisema. "Kinasema kina mtu." Akaukata waya. Kengele ikalia vilevile. Alexander akabonyeza sponji ya kiti, akakuta imezama tayari, akautoa mkono na kuunusa.

"Mnabeba mtoto mchanga humu?"

"Bado hajazaliwa," alisema Anold.

Fundi aliifuta mikono yake kwenye suruali, akamrudishia funguo, na hakutaka hata kulijaribu barabarani. Harufu hiyo Anold naye alikuwa ameshaisikia: maziwa ya mama na mafuta ya nazi, na chini yake udongo mbichi uliotoka kuchimbwa.

Kilichomtisha Benedikta hakikuwa harufu. Mtoto wake, aliyekuwa akicheza tumboni tangu alfajiri, alitulia kila alipopanda gari lile. Jumapili moja walitoka kanisani wakapuuza kengele wasifunge mkanda, na mtoto hakucheza njia nzima, hakucheza mchana walipokula, hakucheza Benedikta alipolalia ubavu wa kushoto na kunywa maji baridi kama alivyofundishwa kliniki, mpaka akatoka mwenyewe na jua lile la saa tisa, akafungua mlango wa gari, akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, na hapohapo mtoto akaruka ndani yake hata akashika mlango asianguke.

"Tuliuze," alinong'ona. "Anold, nakuomba."

Akapata mnunuzi Horohoro. Alikuwa katikati ya njia simu ilipolia, mkewe akisema kwa sauti ndogo kwamba tumbo limekuwa gumu na ndani kimya, na kila kilomita anayokwenda anamsikia mtoto akimtoka. Akageuza gari. Alivyokaribia nyumbani ndivyo mtoto alivyoanza kucheza tena.

Gari likabaki.

Bibi Yudith, Mlutheri wa miaka sitini, ndiye aliyemwita Bi Time, mganga wa Tongoni. Mama huyo alifika saa nne asubuhi, akapokea shikamoo zao, akaketi garini karibu na kile kiti.

"Mlimkaribisha nani?" aliuliza.

"Mtoto wetu," alisema Anold.

"Mtoto wenu alikuwa na pake tumboni. Mlikaribisha kwenye kiti kisicho na mtu, mwanangu, akaitika asiye na pa kukaa. Haya. Aliyefunga ndiye atakayefungua. Mimi nitasema naye."

Anold akabonyeza kitufe cha mkanda na hakikubonyea, akabonyeza kwa vidole viwili, kwa kiganja, kwa uzito wake wote, na Bi Time akizungumza polepole kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekataa kuoga, akinyamaza kusikiliza, akitikisa kichwa kukataa jambo, akakataa tena, jasho likimtoka, na mwishowe akasema "haya" kwa unyonge, na kitufe kikabonyea. Sponji ikainuka. Harufu ikakatika.

Benedikta, aliyesimama mlango wa jikoni, alijikunja ghafla. Kisha akanyooka, machozi yanamtoka. "Amecheza," alisema. "Amecheza sana."

Walimletea Bi Time doti ya kanga. Hakuipokea.

"Kazi yangu ilikuwa kumtoa kwenye kiti," alisema. "Ametoka."

"Amekwenda wapi?" aliuliza Bibi Yudith.

"Hakuniaga." Akavaa ndara zake akaondoka, na wala tumbo la Benedikta hakulitazama.

Tangu siku hiyo kengele haikulia tena. Mtoto alizaliwa wa kiume, kilo tatu na nusu, macho wazi. Hakulia. Wakunga walimpigapiga, wakasikiliza kifua, wakasema ni mzima kabisa, wapo watoto wapole. Anold akaendesha gari kutoka hospitali akiimba. Benedikta alimpakata mtoto mbele, na furaha ilikuwa imewajaa hata hakuna aliyekumbuka kutazama nyuma.

Nyumbani vigelegele. Mtoto akapokewa mikono kwa mikono mpaka kwa Bibi Yudith, aliyemwinamia ambusu, akasita, akamnusa kichwani, akasikia udongo mbichi, akamtazama Anold.

Queen alikuwa amebaki uani, kashika mlango wa gari.

"Baba," aliita. "Mmemsahau mtoto. Analia."

Anold akatoka. Kilio kilikuwa cha mtoto mchanga, chembamba, cha njaa. Alisukuma mlango. Mkanda ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu. Akabonyeza kitufe, kikagoma. Akapapasa kitini kote, na mikono yake haikukuta kitu, kilio kikiwa palepale chini ya viganja.

Nyuma yake Benedikta alitoka nyumbani pekupeku, gauni limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe. Aliingia, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akafungua kifua, na kilio kikatulia kidogo, kama mtoto anayetafuta titi, kisha kikaanza upya.

"Siwezi kumfikia," alisema. "Anold, nifungulie mwanangu."

Ndani vigelegele vilikuwa vimekoma. Bibi Yudith alisimama mlangoni na yule mtoto mwingine mikononi, na mtoto huyo alikuwa amegeuza shingo kutazama gari, ametulia, macho wazi. Anold akabonyeza kitufe tena.