Mashimo Matatu ya Wusi

Kijijini Wusi, Wakesho alikuwa akifunga mafungu ya sukuma wiki ya kupeleka soko la Voi. Morris, mwenyekiti wa kamati ya maji, akabisha hodi na ripoti mkononi.

"Mama Sylus, saini hapa. Mshauri amemaliza kazi. Wenzako wote kwenye kamati wamesaini."

Mshauri huyo, Kimeu, alipewa kandarasi ya kupima udongo mahali pa kujenga tangi la maji. Mahali penyewe palikuwa mtelemkoni, juu ya nyumba ya Wakesho. Ardhi ikiporomoka, tangi lingewaangukia watoto wake.

"Niachie na nakala ya mkataba. Nisome kwanza."

"Usome nini? Mkutano tulishaufunga kwa maombi!"

"Maombi hayapimi udongo, Morris."

Wakesho alizipeleka karatasi zote mbili kwa jirani yake, Mzee Nzau, aliyesimamia ujenzi miaka thelathini.

"Mkataba unasema atafanya nini," Nzau alieleza. "Ripoti inasema amefanya nini. Ukishasoma zote mbili, nenda ukaone kwa macho yako. Ukikataa, kataa kwa maandishi."

Mkataba ulidai mashimo matatu ya kina cha mita mbili. Ripoti ilisema yamechimbwa mwezi uliopita. Wakesho akaweka kidole kwenye ramani.

"Shimo la pili liko shambani kwangu! Hapo nina mboga. Shimo sina."

Kamati ilipokutana tena, Wakesho aliuliza lilipo shimo hilo. Kimeu alitabasamu. "Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Shimo ni shimo. Twende ukanionyeshe."

"Tulishayafukia."

"Mkapanda na sukuma wiki, zikakomaa kwa mwezi mmoja? Mna mkono mzuri."

Watu wakacheka. Morris hakucheka. "Utatukosesha mradi, mama."

"Sisaini. Andika kwenye kumbukumbu kwamba nimekataa, na uandike sababu."

Morris akaandika. Mjumbe mmoja akafuta saini yake, kisha wa pili, hadi ripoti ikabaki bila saini hata moja.

Kimeu alirudi na wachimbaji. Kamati ilisimama pale pale na futi ya kupimia. Mashimo mawili yalitoa udongo tifutifu na maji, usioweza kubeba tangi, hata kabla ya kufika mita moja. La tatu, kando ya kilima, liligonga mwamba. Ripoti ikaandikwa upya: tangi lijengwe juu ya mwamba huo, si pale juu ya nyumba. Wakesho alisaini akiwa amesimama ukingoni mwa shimo, na tangi likajengwa.

Mvua za Novemba ziliporomosha ule mtelemko, zikabeba mistari minane ya mboga zake. Nyumba haikuguswa. Asubuhi alifungua bomba, maji yakatoka.